Jembe la Bata

Sikwenda Kipito kutembea. Nilitumwa, na aliyenituma ni mama yangu mkubwa, Bi Somoe, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuniomba chochote.

Kwetu ni Sindi, nchi ndogo iliyo mwisho kusini kati ya nchi tisa ambazo bata mwitu huzipitia kila mwaka. Bata hao huzaliwa Barafuni, kaskazini kabisa. Baridi ikiwazidi huko hushuka nchi baada ya nchi mpaka kwenye bwawa letu, wakakaa miezi minne, kisha wakarudi kwa njia ile ile. Sisi huwawinda, sitaficha. Lakini bwawa letu lina mfunguzi. Katikati ya maji pana nguzo, na kutoka ukingoni hadi kwenye nguzo hiyo imefungwa kamba ya ukindu. Bata wakishatua, Bi Somoe husimama ukingoni asubuhi na kutazama. Akiona wameyafunika maji mpaka nguzoni, huifungua kamba, na kila nyumba huingia kuwinda kwa siku saba. Akiona maji, hata kidogo, kamba haifunguliwi, na mwaka huo tunakula samaki na kununa. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia.

Miaka mitatu mfululizo aliona maji. Mwaka wa tatu walifika bata ishirini na tisa. Vijana wetu walikwisha kuhamia kwenye machimbo ya mawe, na mkutano wa wananchi ukapitisha kwamba bata wasipoongezeka msimu unaofuata, bwawa likaushwe, ilimwe miwa. Nilikuwamo mkutanoni. Nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu, maana nami nilikuwa nimechoka. Bi Somoe aliuona mkono wangu na hakunisema.

Wiki moja baadaye aliniita. Alisema kwa kuwa nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na ninazijua karatasi za wakubwa, niende kwenye Baraza la Nchi Tisa, linalokutana Kipito kila mwaka bata wanapotua huko. Niombe jambo moja tu: nchi zote ziwaache bata wapite msimu mmoja bila kuwindwa. Akasema msimu mmoja unatosha, kwa kuwa bata huzaa haraka kuliko watu wanavyopatana.

Safari yenyewe haina la kusimulia. Nilichoka, nikafika.

Kipito ni nchi ya watu wakarimu, na ukarimu wao umeandikwa katika sheria. Ndege yeyote anayetua katika ziwa lao ni mgeni wa serikali. Asubuhi ya kwanza nilimkuta Waziri wa Wageni amesimama majini, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, amevaa joho jeusi, anawasomea bata hotuba ya makaribisho. Aliwapa pole ya safari. Aliwauliza habari za huko walikotoka, akanyamaza kidogo kama desturi inavyotaka, akaendelea. Magunia ya mtama yalimwagwa ufukweni. Mtu mmoja aliyekohoa aliondolewa na askari kwa upole. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na safari hii kulikuwa na ngoma. Nakiri kwamba nilitokwa na machozi. Nilidhani nimefika kwa watu wenye akili.

Siku ya tatu, baada ya chai, niliona maofisa wakipanga kitu kando ya maji. Nilisogea. Yalikuwa majembe, majembe kamili ya chuma, ila mipini yake ilikuwa mifupi kama penseli.

Niliyemuuliza ni Bwana Chande, karani mkuu wa hesabu za Baraza, ambaye alipewa kazi ya kunipokea. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye wino vidoleni, asiyewahi kumaliza kikombe cha chai mbele yangu. Alinijibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni anayeuliza choo kiko wapi. Mgeni siku mbili, alisema, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu Sindi maneno hayo husemwa kwa utani, shemeji akizidisha kukaa. Kwa Kipito ni kifungu cha nne cha sheria.

Afisa wa Majembe alijitokeza na kuwaita bata mara tatu, kwa sauti safi, waje wachukue majembe wakalime. Alisubiri. Alitazama saa. Kisha akaandika katika daftari lake neno moja, wamekataa, akatia sahihi. Hapo wawindaji, waliokuwa wamejificha kwenye matete tangu alfajiri, wakainuka na bunduki zao. Kwa mujibu wa sheria hawakuwa wakipiga wageni tena. Walikuwa wakipiga wavivu.

Nilimuuliza Bwana Chande kama amewahi kutokea bata aliyechukua jembe. Alisema mwaka mmoja bata jike aliudonoa mpini. Kesi ilichukua miezi minne, na mwishowe mahakama iliamua kwamba kudonoa si kulima. Bata mwenyewe hakuisikia hukumu, kwa kuwa alikuwa kielelezo, na vielelezo huko huhifadhiwa kwenye chumvi.

Mchana wajumbe wote wa Baraza tulialikwa chakula. Ilikuwa nyama ya bata iliyochomwa, na wali wa nazi. Nilikula. Nilikula mapaja mawili, na nikapewa la tatu nikalikubali. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba ninayesimulia nilikuwa bora kuliko wenzangu.

Baada ya chakula Bwana Chande alinipeleka kwenye Ukumbi wa Hesabu. Ukutani pameandikwa, kwa herufi kubwa za dhahabu, idadi ya bata wa mwaka uliotangulia. Juu kabisa ilikuwa Barafuni, elfu thelathini. Nchi ya pili elfu ishirini na sita, ya tatu elfu ishirini na moja, na hesabu ikawa inashuka hivyo mpaka ya nane, elfu tatu. Chini kabisa, karibu na sakafu ambapo wafagiaji walikuwa wamepachafua kwa maji ya sabuni, paliandikwa Sindi, ishirini na tisa. Kisha palipigwa mstari, na chini ya mstari jumla: bata laki moja na elfu ishirini na mia moja na ishirini na tisa.

Mimi si mtu wa hesabu, lakini nimewahi kusikiliza kesi za mifugo. Nilisimama pale nikiwa kuku mgeni, kamba mguuni, nikaogopa kusema. Mwishowe nilisema. Nikamwambia Bwana Chande kwamba bata hao, nionavyo, ni wale wale. Walihesabiwa Barafuni wakitoka, wakapigwa njiani, wakahesabiwa tena waliobaki nchi ya pili, na ya tatu, hadi kwetu. Hapa hakuna laki. Hapa pana elfu thelathini waliokwisha.

Alitazama mlangoni. Kisha akatoa mfukoni kijidaftari cha karatasi za kahawia akanionyesha ukurasa mmoja. Alikuwa ameyaandika hayo hayo, kwa mwandiko mdogo, miaka kumi na moja iliyopita.

"Mbona hukuwaambia?" nikamuuliza.

"Mzee Mshamu, kila mjumbe amekula kiapo kwamba aliwaona bata wa nchi yake kwa macho yake," alisema. "Nikisema bata wa Kipito ndio wale wale wa Barafuni, nitakuwa nimemwambia mmoja wao kwamba alichokiona si chake. Mimi ni karani. Karani huandika anacholetewa."

Nilimuuliza kama kuna yeyote aliyewahi kushangaa namna idadi inavyoshuka. Akasema wajumbe waliipenda. Wao walidhani nchi zimepangwa kwa ukubwa wa heshima.

Sheria ya Baraza inampa kila mwanachama haki ya kuwinda sehemu moja ya kumi ya jumla ile, yaani bata elfu kumi na mbili. Hakuna nchi iliyowahi kufikia mgao huo, kwa sababu bata hawakutosha. Lakini kila mwaka upungufu huo husomwa barazani chini ya kichwa cha habari Mafanikio ya Uhifadhi, na wajumbe hupiga makofi. Sindi, ambayo haikuua hata mmoja kwa miaka mitatu, ilikuwa imetunukiwa cheti. Kilikuwa kinanisubiri kwenye bahasha.

Siku ya nne nilipewa nafasi ya kusema. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mwanakheri, mama mtu mzima, mwenye miwani mizito na subira kubwa. Nilisema kifupi. Nilieleza habari ya kamba na nguzo, habari ya miwa, nikatoa ombi la msimu mmoja. Kuhusu hesabu za ukutani sikusema neno. Bwana Chande alikuwa amekaa meza ya mbele anaandika, nami nilijiambia kwamba namlinda. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa.

Walinisikiliza vizuri sana. Mjumbe wa Barafuni ndiye aliyejibu kwanza. Alisema nchi yake inawapenda bata kama mzazi anavyowapenda wanawe, na iko tayari kuacha kuwinda hata kesho, ila haiwezi kuacha kabla ya nchi iliyo mbele yake katika njia ya bata, kwani bata atakaowahurumia yeye wataliwa na wengine, na huruma yake itakuwa imewanenepesha majirani. Nchi ya pili ikasema maneno hayo hayo. Ya tatu pia. Waliyasema kwa huzuni ya kweli. Kila mmoja alimngoja mwenzake, na kwa kuwa njia ya bata huenda na kurudi, kungojana huko kulikuwa mduara usio na mlango.

Hapo mimi, mtu niliyezoea mahakama, niliuona mlango. Nikasimama bila kuruhusiwa. Nikasema kama kila nchi inaingoja iliyo mbele yake, basi ya nane inatungoja sisi, na sisi tumekwisha kuacha. Kamba yetu haijafunguliwa miaka mitatu. Kwa hiyo ya nane ianze leo, na ya saba iifuate, mpaka Barafuni.

Niliona mjumbe wa nchi ya nane akigeuza kalamu yake. Kwa kitambo kifupi nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani, na nikawaza namna nitakavyomwambia Bi Somoe.

Mheshimiwa Mwanakheri aliwaita wanasheria wake. Walinong'ona kwa muda mrefu kiasi cha kunywewa kahawa. Kisha akavua miwani.

"Ndugu mjumbe wa Sindi, hoja yako ni nzuri na Baraza linaipokea," alisema. "Lakini Sindi haijaacha. Asiye na chakula hasemwi kuwa amefunga. Mlango ambao haujafunguliwa haufungwi. Rudini mfungue bwawa, muwinde, hata bata mmoja, kisha mfunge na mtuletee taarifa. Hapo nchi ya nane itafunga, na nyingine zitafuata. Hili naliandika."

Akaliandika kweli, na mhuri ukagongwa. Wajumbe wote walinipa mkono. Nikapewa pia kibali cha Sindi cha bata elfu thelathini na sita, ambao ni mgao wetu wa miaka mitatu tusioutumia. Nilikipokea kwa mikono miwili nikasema ahsanteni.

Bwana Chande alinisindikiza hadi mpakani. Wakati wa kuagana aliniambia taarifa yangu ikifika itapita mikononi mwake, na ataiandika kama nilivyoileta, bila kuongeza wala kupunguza. Wakati ule niliyasikia kama maneno ya faraja.

Nilifika Sindi nikakuta bata wawili, dume na jike. Walikuwa wakielea karibu na nguzo, na maji yaliyobaki yote yalikuwa wazi. Msimu ulikuwa umefika katikati na wengine hawangekuja.

Nilimwamkia Bi Somoe, nikakaa kwenye mkeka, nikamsomea karatasi kutoka mwanzo mpaka kwenye mhuri. Alinitaka niirudie ile sehemu ya mwisho. Nikairudia.

"Kwa hiyo nikimuua mmoja, wale wa kwingine kote wataachwa?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

"Sikuulizi ilivyoandikwa. Wewe uliwaona nyuso zao. Unaamini?"

Nilijibu kwamba ninaamini. Nilitaka sana kuamini, na nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayeleta habari mbaya. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na sina wa kumgawia.

Kesho yake saa tatu asubuhi, mbele ya watu wote waliobaki Sindi, Bi Somoe aliifungua kamba ya ukindu huku maji yakionekana, jambo ambalo si mama yake wala bibi yake aliyewahi kulifanya. Fundo lilikuwa limekazana kwa miaka mitatu, ikabidi atumie meno. Aliingia majini kwa mtumbwi mwenyewe. Alitega tanzi karibu na nguzo, akangoja, akamnasa yule dume, akamchinja. Saa tano kamba ilikuwa imekwisha kufungwa tena. Kwetu kuua na kutupa ni dhambi, kwa hiyo bata alipikwa, na nyumba arobaini ziligawana mchuzi wake. Bi Somoe hakunywa. Mimi nilikuwa naandika taarifa: Sindi imefungua, imewinda bata mmoja, imefunga. Nikaipeleka kwa tarishi siku hiyo hiyo.

Yule jike hakuondoka. Alizunguka nguzo siku nzima, na siku zilizofuata.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, pamoja na kifurushi. Barua ilikuwa fupi na yenye heshima. Baraza lilisema limepokea kwa furaha taarifa kwamba uwindaji umerejea Sindi baada ya miaka mitatu. Lilisema kurejea huko, tena katika nchi iliyo mbali kuliko zote, ni ushahidi kwamba bata wameongezeka njia nzima. Kwa sababu hiyo, mgao wa kila nchi umeongezwa kutoka sehemu moja ya kumi hadi moja ya tano. Kuhusu ombi la msimu mmoja, Baraza liliona kwamba halina haja tena. Chini ya barua, kwa mwandiko mdogo niliokuwa nimeuona mara moja tu, paliandikwa: Niliandika kama ulivyoniletea. Nisamehe.

Kifurushi kilikuwa na jembe dogo, la heshima, lenye mpini wa penseli na jina la Bi Somoe limechongwa kwenye chuma.

Alilishika, akaligeuza. Hakuwa amewahi kusikia habari ya majembe, maana sikumwambia. Ikabidi nimwambie siku hiyo, na habari ya hotuba, na ya mtama, na ya hesabu za ukutani ambazo sikuzitaja barazani. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema kwamba kama angeyajua hayo asingeifungua kamba. Nikasema najua. Akaliweka jembe juu ya mkeka baina yetu.

Wenzetu walianza kuchimba mfereji wa kukausha bwawa wiki iliyofuata, kama mkutano ulivyoamua. Sikuweza kuwapinga, kwa sababu mkono wangu ulikuwamo. Maji yalishuka taratibu, nguzo ikazidi kuwa ndefu, na yule jike akawa anaogelea katika dimbwi lisilozidi uwanja wa nyumba. Wachimbaji walipokula mchana walimwacha. Sidhani ni kwa huruma. Nadhani kila mmoja alimngoja mwenzake ampige.

Mwisho wa msimu Bi Somoe alinituma nimletee kiti ukingoni. Tulikaa hapo asubuhi tatu. Asubuhi ya tatu yule jike alikimbia juu ya dimbwi, akainuka, akazunguka nguzo mara moja na kushika njia ya kaskazini peke yake. Katika nchi nane zilizobaki ataonwa na kila moja, na kwenye ukuta wa dhahabu atakuwa bata wanane. Niliyafikiria hayo na nikayaweka moyoni.

Bi Somoe aliendelea kutazama juu mpaka macho yake yakashindwa. Kisha akaniuliza kama bata hupita Kipito pia wanaporudi. Nikamwambia hupita.

"Na pale mgeni hukaa siku ngapi?"

"Siku mbili, mama."

Alifunga kilemba chake vizuri, akaniomba mkono wa kuinukia.

"Basi atakula mtama," alisema. "Twende nyumbani."